Baike Yako ya Stima Inasoma 25? Cheki Poa, Skrini Inaeza Kuwa Inakupiga Fiksi

Iko hivi. Uko Ngong Road asubuhi, betri imejaa, mat zimekwama kwa jam na wewe unazipita moja moja kama umelipiwa barabara. Spidi kwa skrini inapanda: 22, 23, 24. Ikigonga 25 hivi, mota inanyamaza. Pedali zinakuwa nzito ghafla, ni kama kuna msee ameruka nyuma na gunia ya waru. Unaanza kujiuliza kama ni betri imeisha, ama baike imeharibika, ama ni yule muuzaji alikubeba ufala.

Alafu kuna lile beef lingine. Wewe na beste yako mko bega kwa bega, hakuna anayemwacha mwenzake, lakini skrini yako inasema 25 na yake inasema 28. Nani anadanganywa hapo?

Wasee wengi huchukulia hizi ni stori mbili. Ni moja. Kwa baike nyingi za stima, nambari unaona kwa skrini na ile spidi mota inakata vinatoka kwa hesabu moja. Na hiyo hesabu inategemea kitu unaeza kupima mwenyewe na futi ya fundi hapo nje ya keja: tairi yako.

Baike haijui iko spidi gani

Hii inashangaza watu lakini ndio ukweli. Hakuna kitu kwa baike yako kinachoangalia barabara. Kinachofanyika ni kuhesabu. Cheki gurudumu la nyuma, utaona kasumaku kamefungwa kwa spoku moja, na karibu nako kwa fremu kuna sensa ndogo yenye waya. Kila mara sumaku ikipita, sensa inasema "moja." Baike zingine hazina sumaku ya nje juu sensa iko ndani ya mota yenyewe, lakini kazi ni ile ile, kuhesabu mizunguko.

Sasa kompyuta ya baike inachukua hiyo mizunguko na kuzidisha na umbali ambao tairi inatembea ikizunguka mara moja. Mwalimu wako wa hesabu alikuwa anaita hiyo mzingo. Tairi ya kawaida ya inchi 26 yenye upana wa 1.95 inatembea kama mita 2.05 kwa mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 203 kwa dakika, umetembea mita 416 na kitu, na hiyo ni kilomita 25 kwa saa. Hapo ndipo mota inaambiwa ishuke.

Shida inaanza hapa: hiyo mita 2.05 haikupimwa na baike. Kuna mtu aliiandika. Mara nyingi ni kule kiwandani, mara nyingine ni fundi aliyefungia baike yako mota ya kuongezea, na kwa skrini nyingi za bei ya chini ni yeyote anayejua kufinya batani mbili pamoja hadi menyu itokee. Akiandika vibaya, kila kitu kinachofuata ni vibaya.

Tuchukue mfano. Baike iko na tairi za inchi 29, ambazo zinatembea karibu mita 2.29 kwa mzunguko, lakini kwa menyu imeandikwa 26. Kompyuta inahesabu ile mizunguko 203, inasema 25, inakata mota. Kumbe kwa lami uko 27.9. Huyo ndio yule beste yako anayejiona ana miguu ya Kipchoge.

Igeuze sasa. Hizi baike ndogo za kukunja ziko na tairi za inchi 20, ambazo zinatembea kama mita 1.5 tu. Ikiwa kwa menyu imeandikwa 26, skrini itasoma 25 na mota itakata ukiwa kwa ukweli uko 18.5. Umelipia 25, unapewa 18. Unapitwa na msee wa mkokoteni wa maji kwa mteremko, na skrini yako bado inakusifu.

Na usidhani kuandika "26" kunamaliza kazi. Tairi nene za kuenda kwa mchanga, zile za upana wa inchi 4, pia zinaitwa 26, lakini mzingo wake unapita mita 2.2. Nambari kwa tairi ni jina la rimu, si kipimo cha vile itatembea.

Vitu vingine vinachangia lakini kidogo. Tairi ikiisha milimita tatu za mpira, mzingo unapungua kama asilimia moja. Ukikaa juu yake, tairi inajikunja chini na kupoteza kidogo tena. Ukiendesha na upepo nusu, zaidi kidogo. Hizo zote zikijumlishwa ni tofauti ya nusu kilomita hivi kwa saa, si kitu cha kukosana na mtu. Mtu akikuambia spidi yako iko chini kwa kilomita tano juu ya upepo wa tairi, huyo anakuuzia pampu.

Kuna moja inachekesha. Mota zingine zinatoa ishara sita kwa kila mzunguko badala ya moja, na kwa menyu kuna mahali pa kuambia kompyuta idadi ya sumaku. Pakiandikwa moja badala ya sita, utakuwa unaenda 20 na skrini inasoma 120. Picha ya hiyo unaeza kuwatumia mbogi kwa WhatsApp, lakini mota itakuwa imekata kitambo. Juu kwa akili yake, ulifika 25 ukiwa bado unatoka kwa geti. Baike ya hivyo ikija kwa fundi, wengi wanaanza kubadilisha kontrola, na shida ilikuwa ni nambari moja kwa menyu.

Na maili! Cheki hapo juu ya nambari kwa skrini. Baike nyingi zinashuka hapa zikiwa zimewekwa maili. Skrini ikisoma 15 na mota ikate, si ati imekata mapema. Maili 15.5 ndio kilomita 25 zako.

Mbona 25, na si 40?

Hiyo 25 haikutoka hapa kwetu. Ni sheria za watu wengine zilizokuja ndani ya kontena. Umoja wa Ulaya unasema baiskeli ya stima ikibaki kuwa baiskeli, yaani bila namba pleti na bila leseni, mota isizidi wati 250 na iache kukusukuma ukifika 25. Uingereza wanaandika maili 15.5, ni kitu kimoja. Uchina, ambako nyingi hutengenezwa, kiwango chao pia kinasema 25. Marekani wako tofauti: majimbo mengi yanazigawa kwa madaraja matatu, mbili za kwanza zinakata kwa maili 20, ambayo ni kama kilomita 32, na ya tatu kwa maili 28, karibu 45.

Kwa hivyo ukinunua baike hapa tao, swali la kwanza ni ilitengenezewa soko la nani. Ile ya Ulaya itakata 25. Ile ya Marekani itaenda hadi 32. Zote zinaeza kuwa na mota ile ile, betri ile ile, tofauti ikiwa ni mistari michache ya programu.

Kitu kingine watu wanachanganya: mota kukata si breki. Baike haikukatazi kupita 25. Ukiteremka mlima utaenda 40 bila kuulizwa, na ukiwa na miguu unaeza kanyaga hadi 30 kwa tambarare. Mota tu ndio imesema imefika mwisho wa kazi yake, endelea na nguvu zako.

Ule uzito unaskia ndio unaletea watu stress. Baike ya stima ni nzito, nyingi zinacheza kati ya kilo 20 na 30, na ulikuwa umesahau juu mota ilikuwa inakubebea. Zile nzuri hazikati kwa ghafla, zinaanza kupunguza polepole kabla ya kufika 25, unaskia kama mtu anatoa mkono mgongoni taratibu. Zile za bei ya chini zinakata kama stima ya mtaa. Na aina ya mota inachangia. Mota yenye gia ndani ya gurudumu, ama ile iko katikati kwa pedali, inajiachilia, gurudumu linazunguka bila kuivuta. Ile mota kubwa bapa isiyo na gia haiachilii. Sumaku zake zinaendelea kuvuta kidogo hata stima ikikatika, na hapo ndipo unaapa kuna kitu inashika breki.

Si kila kukata ni limiti

Hapa ndipo wasee wanalipa fundi bure, kwa hivyo tulia kidogo.

Mota ya stima iko na mwisho wake wa asili, mbali na limiti ya kompyuta. Inavyozunguka haraka, inatengeneza volti zake ambazo zinapigana na za betri. Zikikaribia kulingana, haina tena nguvu ya kuongeza. Huo mwisho unafuata volti za betri. Betri ya kuitwa volti 36 ikijaa iko 42. Ikikaribia kuisha inaeza kuwa 33 hivi. Hiyo ni kushuka kwa karibu moja kwa tano, na spidi ya mwisho ya mota inashuka nayo.

Kwa hivyo jaribu hivi. Enda barabara moja asubuhi betri ikiwa imejaa, ona mota inaacha kukusukuma kwa ngapi. Rudia jioni betri ikiwa imebaki kidogo. Ikiwa ni nambari ile ile mara zote mbili, hiyo ni limiti ya kompyuta. Ikiwa asubuhi ilikuwa 25 na jioni ni 21, hiyo si limiti, ni betri yako ama mota yenyewe, na hakuna menyu itakusaidia.

Ukiwa unapanda Valley Road na mota ikate kabisa, skrini izime alafu irudi, hiyo ni kitu tofauti tena. Kupanda mlima kunavuta stima nyingi kwa mpigo, volti zinaanguka, na ule ubao wa ulinzi ndani ya betri unakata ili seli zisiharibike. Betri iliyozeeka hufanya hivyo mapema hata skrini ikionyesha bado iko nusu. Huwezi kutatua hiyo kwa setingi.

Kama mota inakata kwa spidi yoyote ovyo ovyo, hasa ukipita kwa shimo, anza na vitu vya bure. Sumaku ya spoku huteleza. Inafaa ipite karibu sana na sensa bila kuigusa, na ikisogea kompyuta inakosa kuona mizunguko mingine. Spidi kwa skrini inaruka hadi sifuri alafu inarudi, na baike zingine zikikosa spidi zinaamua kuzima mota kwa usalama. Kuisogeza ni kazi ya dakika mbili na bisibisi.

Alafu kuna swichi za breki. Ndani ya vipini vya breki vya baike nyingi kuna swichi ndogo inayoambia mota iache papo hapo ukishika. Kipini kikipinda kidogo ama kikose kurudi vizuri, mota inadhani umeshika breki siku nzima. Kuna mafundi wa mtaa dawa yao ya hii ni kuchomoa tu huo waya. Manze, usikubali. Baike zenye sensa ya kuhesabu mizunguko ya pedali huchelewa kidogo kujua umeacha kukanyaga, na katika hiyo nusu sekunde mota inaendelea kusukuma. Ile swichi ndio inaiambia iache. Ukiichomoa, siku mtoto atatokea mbele yako utakuwa unashika breki na mota inakusukuma wakati mmoja.

Ile trick ya kuinua gurudumu

Sasa tuongelee doh yako. Umeenda kuangalia baike, ya duka ama ya mtumba kutoka kwa msee mtandaoni. Anaisimamisha, anainua gurudumu la nyuma juu, anasota kile kipini cha mafuta kama cha nduthi, na skrini inapanda: 35, 40, 45. Anakuangalia na tabasamu. "Umeona hiyo mashine?"

Umeona gurudumu likizunguka hewani. Halibebi wewe, halisukumi upepo, halipandi chochote. Mota hapo iko kwa ule mwisho wake wa asili niliokuambia, bila mzigo hata kidogo. Barabarani na kilo zako 70 haitafika huko. Na tena hiyo 45 ni mizunguko iliyozidishwa na nambari aliyoiandika yeye. Akiandika inchi 29 kwa baike ya tairi 26, ameongeza zaidi ya asilimia kumi bila kugusa mota.

Skrini ya kilomita za jumla pia ni hivyo hivyo, juu inatoka kwa hesabu ile ile. Na hapa kuna ujanja mwingine wa mtumba. Watu wanaotoa limiti mara nyingi hutumia kidude kidogo kinachokaa kati ya sensa na kompyuta, kazi yake ni kudanganya kwamba gurudumu linazunguka nusu ya vile linazunguka. Unaenda 34, kompyuta inaona 17, mota inaendelea kusukuma. Nayo kilomita? Baike iliyotembea 6,000 inaonyesha 3,000. Kwa hivyo ukikuta baike inasoma kilomita chache, lakini tairi zimeisha, cheni imelegea na mpira wa kipini umelainika kama sabuni, amini tairi kuliko skrini.

Jipimie mwenyewe

Huhitaji mashine. Chukua chaki, futi, na beste mmoja.

Jaza tairi upepo vile huwa unaendesha. Weka alama ya chaki kwa ukuta wa tairi pale inapogusa chini, na nyingine hapo hapo kwa sakafu. Kaa juu ya baike kabisa, beste akushikilie, alafu msonge mbele pole pole hadi alama ya tairi irudi chini mara tatu. Weka alama ya pili kwa sakafu. Pima umbali, gawanya kwa tatu. Umepata mita 6.15? Mzingo wako ni 2.05, yaani milimita 2,050. Mara tatu ni poa kuliko mara moja juu kosa dogo la kupima linagawanyika.

Ingia kwa menyu uone imeandikwa nini. Skrini zingine zinakubali milimita, hizo ni safi, andika ile umepata. Zingine zinakubali inchi pekee, hapo chagua ile iko karibu na ujue utabaki na kosa kidogo. Nazo kuna kampuni zinafunga hiyo sehemu kabisa hadi uende kwa fundi wao, ama zinakuruhusu kubadilisha kidogo tu, juu wanajua watu watafanya nini wakiachiwa.

Sasa hakikisha kwa barabara. Tafuta mahali pameenda moja kwa moja, tambarare, hakuna magari, Jumapili asubuhi ni time fiti. Pima kilomita moja kwa ramani ya simu, chagua vitu viwili ambavyo huwezi kukosa, kama nguzo na geti. Endesha skrini ikisoma 20 bila kupanda wala kushuka, na upige saa kati ya hizo alama mbili. Ukiwa kwa ukweli uko 20, kilomita moja inachukua dakika tatu kamili, sekunde 180. Ikichukua 162, uko 22.2. Ikichukua 200, uko 18. Hesabu ni 3,600 kugawanya kwa sekunde zako. Rudi upande ule mwingine pia ndio uone kama majibu yanafanana.

GPS ya simu pia ni shahidi mzuri juu yeye hajali tairi yako ni ya inchi ngapi. Lakini mjue vile anafanya. Mahali wazi na spidi isiyobadilika, anasema ukweli. Katikati ya magorofa ya tao ama chini ya miti ya Karura anachanganyikiwa, na ukiongeza mwendo ghafla anachelewa nyuma yako. Kwa hivyo usimuangalie ukiwa unatoka kwa taa. Skrini ya baike pia huchelewa hapo, si wewe tu. Ukiwa spidi ya 5, sumaku moja inapita kwa sensa karibu kila sekunde moja na nusu, kompyuta inangoja tu.

Ukishapima utaelewa pia kwa nini gari la mjomba wako liko mbele ya GPS kila siku. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mita za magari inakataza mita kusoma chini ya spidi halisi hata kidogo, lakini inaruhusu isome juu kwa moja ya kumi na kilomita nne za ziada. Gari likiwa 80 kwa ukweli, mita inaeza kusoma hadi 92 na bado iwe halali. Watengenezaji huchagua upande wa kusoma juu makusudi. Baiskeli ya kusaidiwa na mota haimo kwa hiyo kanuni, kwa hivyo inaeza kukosea pande zote mbili, na kusoma chini ndio mbaya. Unadhani uko 25, na kumbe uko 30.

Ukitoa limiti unalipa nini

Najua kuna mtu amesoma hadi hapa akingoja nimwambie vile inatolewa. Hiyo tafuta kwingine. Lakini acha nikuwekee bei yake hapa.

Upepo ndio adui wako mkubwa ukipita 20. Nguvu ya kuupasua inapanda kwa mara tatu za kuzidisha: kutoka 25 hadi 32, mota inahitaji nguvu kama mara mbili kwa ajili ya upepo pekee. Kwa kila kilomita, stima ya kushinda upepo inapanda kwa zaidi ya asilimia 60. Ikiwa uko kwa delivari na betri yako ilikuwa inakupeleka hadi saa kumi, usishangae ikikuacha Kilimani saa saba na chakula cha mtu kikipoa.

Breki nazo ziliwekewa ile spidi ya mwanzo. Chukua lami kavu, breki nzuri, na sekunde moja ya kushtuka. Ukiwa 25, utasimama kwa kama mita 12. Ukiwa 32, ni karibu 17. Hizo mita tano ndizo urefu wa probox na zaidi kidogo. Na hapo tumedhani breki zako ni nzuri, wakati nyingi za bei ya chini ni zile za waya ambazo hukazwa mara moja kwa mwaka.

Wenye nduthi za stima msijione mmepona. Hamna pedali, kwa hivyo hakuna kusaidiwa wala kukatiwa kwa 25, lakini mita yenu pia inahesabu mizunguko. Ukibadilisha tairi ya nyuma ukaweka kubwa ama ndogo kuliko ile ilikuja nayo, na spidi inasomwa kutoka kwa mota, umebadilisha mita bila kujua. Jaribio la kilomita moja linawafaa pia, ila nyinyi fanyeni kwa 40: sekunde 90.

Na ukienda kununua ya mtumba wikendi hii, beba ile futi. Muulize jamaa akuonyeshe menyu ya ukubwa wa tairi, akuambie limiti iko ngapi, na akuachie uendeshe mita 500 skrini ikisoma 20. Hiyo inafaa kuchukua sekunde 90. Akikataa usiendeshe, ati utaiangusha, mpatie kitambulisho ashike na simu ubaki nayo ya kupiga saa. Akikataa bado, hata usimuulize bei.